Sakafu ya Mwanamfalme

Jumatatu ya Pentekoste tulipanda baiskeli kwenda kumpigia magoti mtu ambaye sheria inasema si mkubwa wetu kwa lolote. Tangazo la klabu yetu lilikuwa limeyaremba mambo: "Safari ya masika hadi Altgernau, mji wa wafalme." Altgernau haikuwahi kuwa na mfalme. Ilikuwa na watawala wadogo wenye nchi ambayo ningeizunguka kwa baiskeli na kurudi nyumbani kabla ya chakula cha mchana, na kasri kubwa kuliko nchi yenyewe. Vyeo vyao vilifutwa zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Kilichobaki ni jina la ukoo tu, kama mimi ninavyoitwa Dornbusch na jirani anavyoitwa Butzmann. Lakini mwenye jina hilo, ambaye bado tunamwita mwanamfalme, akipita sokoni siku ya Jumamosi, utaona watu wazima wanavyokunja migongo.

Sikwenda kwa ajili ya kasri. Nilikwenda kwa ajili ya bustani ya bibi yangu.

Bibi Waltraud ana kipande cha bustani ya kukodi chini ya ukuta wa kasri, upande wa mtoni. Babu alipofariki, Bibi alihamia kwetu Niederholm, lakini bustani hakuiacha. Kila siku isiyo ya mvua, na nyingine za mvua, hupanda baiskeli yake nyeusi isiyo na gia za maana, akafuata njia ya mto, na baada ya saa moja yuko kibandani kwake anachemsha kahawa. Udongo wa pale aliukuta ni changarawe na vipande vya matofali. Ameulisha mboji miaka arobaini. Ukiuchota leo ni mweusi, laini, unanukia kama msitu baada ya mvua. Daktari wake aliwahi kumshauri apunguze kuendesha baiskeli. Bibi akamwambia, "Wewe unashinda kwenye kiti chenye magurudumu kutwa nzima. Nimekwambia upunguze?"

Mwanzoni mwa mwaka wakfu wa kasri ulitangaza kwamba unarudisha "mwono wa mwasisi." Mtawala wa kwanza alijenga ukumbi wa dhahabu wenye dirisha kubwa, na akisimama dirishani aliuona mto bila kitu chochote kumkatiza jicho. Siku hizi jicho hilo linakatizwa na vibanda vya bustani, na kibanda cha Bibi, chenye paa jekundu, kiko katikati kabisa. Ardhi ni ya wakfu, na wakfu ni wa ukoo. Hata hivyo sheria haimruhusu mwenye ardhi kumfukuza mkulima wa bustani hivihivi. Lazima awe amevunja kanuni. Na kanuni mojawapo, ambayo kila mtu anaijua, ni kwamba theluthi ya kipande iwe imelimwa mboga na matunda.

Basi wiki ya kwanza ya Mei kamati ya wakfu ikapita, ikatazama matuta ya Bibi, ikayakuta matupu.

Matupu! Yangekuwaje tena? Katikati ya Mei kwetu kuna siku za Watakatifu wa Barafu, na wa mwisho wao ni Sofia wa Baridi. Kabla Sofia hajapita, hakuna mwenye akili anayetoa mche wa nyanya nje, kwa sababu usiku mmoja tu wa jalidi unatosha kuugeuza mlenda mweusi. Anayepanda mapema huchekwa mtaa mzima mpaka Krismasi. Miche yote ya Bibi ilikuwa nyumbani kwetu, imejazana kwenye vizingiti vya madirisha, imejaa hata bafuni, mpaka baba alikuwa akinyoa ndevu katikati ya matango. Lakini barua ikaja: bustani haitumiki, mkataba unakwisha vuli, kibanda kibomolewe.

Bibi alipoisoma alicheka. "Wamekuja kabla ya Sofia," alisema. "Ni mtu asiyejua bustani huyu. Ataelezwa."

Tukaeleza. Tukajibiwa kwamba kamati ilifuatana na mkulima wa bustani mwenye uzoefu, naye alithibitisha. Jina hawakulitaja. Bibi hakucheka tena.

Hapo ndipo alipojitokeza mwenyekiti wa klabu yetu, Ekkehard Butzmann. Tangu utotoni namwita mjomba, ingawa hatuna damu moja. Ndiye aliyenifundisha kuendesha baiskeli bila magurudumu ya pembeni, akikimbia nyuma yangu ameshika kiti. Naye ana kipande kwenye bustani zilezile, mwisho kabisa karibu na daraja, mbali na jicho la dirisha. Alikuja jikoni kwetu akakaa, akakubali kipande cha keki, akakubali cha pili.

"Waltraud, usihangaike na mawakili," alisema. "Mwaka huu klabu imealikwa kasrini. Mwanamfalme Konradin atatupokea mwenyewe. Njoo nasi. Nitamvuta pembeni nimweleze, mtu kwa mtu. Watu wakubwa hawapendi kelele, wanapenda adabu."

Kisha akanigeukia. "Na wewe, Rieke, utuandikie beti za kumsifu. Beti tamu. Siyo kama zile za siku ya kuzaliwa ya Lothar."

"Zile za Lothar zilikuwa na ubaya gani?"

"Zilikuwa za kweli."

Kwetu sherehe bila beti za vina haijawa sherehe, na katika klabu mimi ndiye ninayeombwa. Niliandika. Nilimsifu mtu yule, kasri lake, miti yake, nusura nisifu na pua yake. Nilipomaliza nikaenda kunawa mikono. Lakini niliandika, kwa sababu Bibi alikuwa ameanza kuiacha kahawa yake ipoe kikombeni, jambo ambalo sijawahi kuliona maishani mwangu.

Siku ya safari tulijipanga wawiliwawili mbele ya kanisa, wote tumevaa fulana za kijani za klabu, Ekkehard mbele na filimbi shingoni. Mimi nilikuwa na viatu vyangu vya mbio, vile vyenye kipande cha chuma chini kinachong'ata pedeli. Lothar, dereva wa treni mstaafu mwenye tumbo linalotangulia usukani, alinitazama miguu.

"Rieke, unakwenda mashindanoni au kwa mwanamfalme?"

"Kwa mwanamfalme. Mambo yakiharibika nikimbie."

"Mimi yakiharibika nalala palepale. Wanibebe kwa machela ya dhahabu."

"Dhahabu ni laini, Lothar," Bibi alisema nyuma yetu. "Waombe ya chuma."

Tuliondoka tukicheka. Njia ya mto ilikuwa kavu, upepo uko mgongoni, na Bibi alikuwa akikanyaga pedeli zake taratibu bila kuhema, mgongo umenyooka kama yuko kanisani. Nilianza kuamini. Nasema hivi kwa hasira kwa sababu niliamini kweli. Nilikuwa narudia beti zangu kimoyomoyo kwa mdundo wa pedeli. Tulipofika kwenye bustani, Bibi alipiga kengele mbele ya kipande chake kama anavyofanya siku zote, kuisalimu. Sofia alikuwa ameshapita, na miche ilikuwa imesimama kwenye matuta, imefungwa kwenye vijiti, imeshashika. Sote tuligeuza vichwa kuitazama. Ekkehard alitazama mbele. Nikadhani anaangalia barabara.

Kasrini tulipanga baiskeli ukutani, kubwa kwa kubwa, ndogo kwa ndogo, kwa amri ya filimbi. Mlangoni mwa ukumbi wa dhahabu kulikuwa na kapu la slipa kubwa za sufu. Sakafu ya mle ndani ni ya mbao za rangi mbalimbali zilizounganishwa maua na nyota, na hakuna anayeikanyaga bila kuvaa slipa hizo juu ya viatu vyake. Tumelelewa hivyo tangu safari za shule. Huinui mguu. Unaburura, unateleza kama bata kwenye barafu.

"Unaona ujanja wao?" Lothar alininong'oneza. "Tunawapigia deki, na bado tunalipa kiingilio."

Mwanamfalme Konradin alitujia akiwa na koti la kijivu na tabasamu lisilo na kosa. Sitamsingizia: alikuwa na adabu nyingi. Alimpa mkono kila mmoja. Alipofika kwa Bibi aliinama kidogo.

"Safari haikukuchosha, mama?"

"Hata kidogo, Mtukufu," Ekkehard alijibu.

"Mdomo ninao, Ekkehard," Bibi alisema. Kisha akamwambia mwenyeji wetu, "Hapana, Bwana Altgernau. Njia ile naipita kila siku. Bustani yangu ile pale." Akanyoosha kidole dirishani.

Mwanamfalme alitazama. "Ah," alisema. "Paa jekundu. Linaonekana vizuri sana kutoka hapa."

Akaendelea kwa mtu wa pili. Nilimtazama Ekkehard, nikasubiri amvute pembeni. Ekkehard alikuwa anarekebisha filimbi yake.

Mkurugenzi wa kasri, Dakta Albrun Seiffert, alitukusanya kuzunguka meza. Juu ya meza palikuwa na mfano mdogo wa kasri na mto. Mto ulikuwa wa kioo cha buluu, miti ya sponji, majani ya kijani kibichi kutoka ukutani hadi majini. Hakuna kibanda hata kimoja. Bibi aliuinamia mfano ule kwa muda, kama mtu anayetafuta nyumba yake kwenye ramani.

"Kazi hii," Dakta Seiffert alianza, "isingewezekana bila moyo wa watu wa hapahapa. Mwezi huu, mwenyekiti wa chama cha wakulima wa bustani alipolazwa hospitali, tulikwama. Nani aliacha shughuli zake akapita nasi kipande kwa kipande? Nani alituthibitishia, kama mkulima mwenye uzoefu, ni vipande gani havitumiki tena? Mabibi na mabwana, mtu huyo tunaye humu ndani. Bwana Ekkehard Butzmann! Na kwa shukrani, kuanzia mwaka huu klabu yake ndiyo itakayosindikiza gari la farasi la Mtukufu siku ya Tamasha la Kasri, kwa mikanda rasmi ya hariri."

Watu walipiga makofi. Bibi naye aliinua mikono, kwa mazoea tu, akapiga kofi la kwanza. La pili halikufika. Mikono yake ilibaki hewani, imeachana, kama ya mtu anayeonyesha urefu wa samaki.

"Na sasa," Ekkehard alisema haraka, uso mwekundu, "na sasa beti. Rieke, njoo mbele. Beti, beti."

Nikateleza mpaka mbele kwa slipa zangu, karatasi mkononi. Sikuifungua.

"Mjomba Ekkehard, nyanya zako mwaka huu ulizipanda lini?"

"Rieke. Beti."

"Nauliza tu. Mkulima mwenye uzoefu. Ulizipanda lini?"

Kuna mtu aliyecheka, akidhani ndio mwanzo wa mzaha wangu wa kawaida. Ekkehard aliniangalia kwa macho ya kuomba.

"Si unajua. Baadaye."

"Baada ya nini?"

"Ya Sofia," Lothar alisema nyuma kabisa, kwa moyo mweupe. "Si nilimsaidia kubeba miche." Halafu akaelewa alichokisema, akalitazama tumbo lake.

"Kwa hiyo wiki ya kwanza ya Mei matuta yako yalikuwaje?"

"Tutazungumza nje, Rieke."

"Yalikuwa matupu! Yako matupu, ya Bibi matupu, ya bonde zima matupu! Ukapita nao. Ukasimama mbele ya matuta ya mwanamke aliyekupa mbegu za nyanya unazokula, ukasema hayatumiki. Kisha ukaja jikoni kwetu ukala keki yetu ukatuambia tuwe na adabu. Kwa ajili ya nini? Ukanda wa hariri? Ili ufuate mavi ya farasi kwa baiskeli mbele ya watu?"

"Dada, hapa si mahali pake," alisema Dakta Seiffert.

"Ni papa hapa. Mmemshukuru papa hapa."

Mwanamfalme aliinua mkono, taratibu, na ukumbi ukanyamaza. Hilo nalo lilinichoma, jinsi ulivyonyamaza. Hata mimi nilinyamaza.

"Binti huyu ana uchungu," alisema kwa sauti laini. "Namwelewa. Ukoo wangu pia unajua maana ya kupoteza ardhi."

Sijui kama mtu huyu amewahi kutukana maishani mwake. Hana haja ya kutukana. Alitulinganisha: watu ambao babu zangu waliwachimbia mto huu na kuwakatia miti hii bila ujira, na mwanamke mmoja mwenye matuta machache ya matango. Alitulinganisha, kisha akangoja tumshukuru kwa huruma yake, na nikaona kwa macho yangu baadhi ya wenzangu wa klabu wakitikisa vichwa, kwamba ndiyo, masikini, naye pia, naye pia.

"Ninyi hamkupoteza," nilisema. "Mlinyang'anywa mlichonyang'anya, na mkabakiziwa dirisha. Sasa mnataka na kinachoonekana dirishani."

Nikavua slipa. Moja, ya pili. Nikaziacha pale mbele ya mfano wa kioo, nikatembea kuelekea dirishani kwa viatu vyangu vya mbio.

Chuma kwenye mbao kavu kinalia kama nyundo. Hatua ya kwanza hakuna aliyeelewa. Ya pili Dakta Seiffert alishika mashavu. Ya tatu akapiga ukelele, "Sakafu! Mungu wangu, sakafu!" na ukumbi mzima ukaupokea: sakafu, sakafu, mzuieni, sakafu! Mkurugenzi yuleyule aliyesikia habari za bustani ya Bibi bila kupepesa jicho alikuwa analia kweli, machozi ya kweli. Mwanamfalme naye, kwa mara ya kwanza, hakuwa na tabasamu. Uso wake ulikuwa mtupu kabisa, uso wa mtu tu.

Sikukimbia. Nilitaka kukiona anachokiona. Nikafika dirishani nikatazama chini. Lile paa jekundu, kutoka kule juu, lilikuwa dogo kama ukucha wa kidole cha mwisho. Ukifumba jicho moja unaweza kulifunika kwa kidole. Hicho ndicho kilichowashinda kuvumilia.

Nilipogeuka, alama zangu zilikuwa zimetoka katikati ya ukumbi hadi miguuni pangu, vidoa vyeupe kwenye maua na nyota za mbao. Watu walikuwa wamepiga magoti kuvigusa. Bibi peke yake alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa amevua slipa zake, amezilaza kapuni vizuri, ya kulia na ya kushoto. "Twende," alisema.

Tulipanda baiskeli. Tukashuka mlima wa kasri, tukapita sokoni ambako mabango ya mwanamfalme yalikuwa yananing'inia kila nguzo, tukafika njia panda ya stesheni. Taa ya barabarani ya kuongozea waendesha baiskeli ilikuwa nyekundu.

Ilikuwa sikukuu. Hapakuwa na gari, hapakuwa na sauti ya gari, barabara zote zilikuwa nyeupe na tupu mpaka mwisho wa macho. Bibi akafunga breki, akashusha mguu. Nami nikasimama. Nilikuwa na hasira ya kubomoa kasri kwa mikono, lakini nilisimama kwenye taa nyekundu mbele ya barabara tupu, kwa sababu ng'ambo alikuwapo mama ameshika mkono wa mtoto mdogo, na mbele ya mtoto kwetu hakuna anayevuka. Ndivyo tulivyo. Unaweza kutunyang'anya ardhi kisha ukatukuta tumekusubiri kwenye taa.

Ndivyo Ekkehard alivyotukuta. Alikuja akihema, fulana imelowa, na Lothar nyuma yake.

"Waltraud. Rieke. Nisikilizeni," alisema. "Mtukufu ni muungwana. Hataki polisi. Anachotaka ni Rieke arudi sasa hivi, kabla watu hawajatawanyika, aombe radhi kwa ajili ya sakafu. Basi. Nimezungumza na Dakta Seiffert. Kuna kipande kando ya reli kimebaki wazi. Rieke akiomba radhi, Waltraud atakipata, bila foleni."

"Foleni ya nani?" Bibi aliuliza.

"Watu. Familia za vijana. Wanasubiri miaka, unajua hali ilivyo."

"Na udongo wake?"

Ekkehard alitazama tairi lake la mbele. "Kokoto. Palikuwa maegesho ya mabehewa. Lakini unaweza kuleta udongo."

"Nimevuka themanini, Ekkehard. Huu nilionao ulinichukua miaka arobaini."

Taa ilikuwa bado nyekundu. Mtoto wa ng'ambo alikuwa anarukaruka kwa mguu mmoja.

"Kwa nini ulisema hayatumiki?" Bibi alimwuliza. Hakuwa na ukali wowote. Aliuliza kama anayeuliza njia.

"Waliniuliza kama kuna kitu kimeota. Nikasema hakuna. Sikusema uongo, Waltraud."

"Hukusema uongo. Ulisema ukweli wa kabla ya Sofia kwa watu wasiomjua Sofia."

"Wangetafuta sababu nyingine! Walishaamua. Unafikiri wangekosa? Ua limezidi kimo, kibanda kimezidi upana. Wangeipata tu."

"Labda," alisema Bibi. "Lakini ingekuwa yao."

Ekkehard alifuta uso kwa kiganja. Nilimwonea huruma kwa muda mfupi sana, kiasi cha kumeza mate, kisha nikakumbuka anavyokula keki.

Bibi akanigeukia. "Rieke, ukitaka kurudi, rudi. Usipotaka, usirudi. Kile kipande cha reli, sijui kama nakitaka au sikitaki. Huenda nakitaka. Mtu wa umri wangu akikosa pa kwenda asubuhi, anakufa, nimewaona. Lakini lolote utakalofanya, usije ukaniambia umelifanya kwa ajili yangu. Leo nimechoka na watu wanaofanya mambo kwa ajili yangu. Huyu alinisemea kwa mwanamfalme. Wewe ulinisemea kwa mwanamfalme. Mimi nilikuwapo. Nilikuwa nimesimama palepale."

Maneno yale yalinipata kuliko yote ya siku ile.

Taa ikawa kijani. Bibi akakanyaga pedeli, akavuka, akampungia mtoto mkono, akashika njia ya mto. Sisi watatu hatukusogea.

"Umemsikia," Ekkehard alisema. "Huenda anakitaka. Neno moja tu, Rieke. Hata usilimaanishe. Nani atajua? Ile sakafu ina miaka mia tatu."

"Na mbao hazisikii maumivu," Lothar aliongeza polepole, na sikujua anamsaidia nani.

Nilifikiri. Sitaki mtu aseme nilijibu kwa kichwa moto, kwa sababu kilikuwa kimeshapoa wakati ule, kimepoa kama chuma kilichotumbukizwa majini. Nilijua nikirudi kule kuteleza kwa slipa za sufu na kuinamisha kichwa, Bibi atapata kokoto zake kando ya reli, na familia fulani ambayo sijawahi kuiona itasogezwa nyuma kwenye foleni bila kuambiwa. Nilijua nisiporudi, huenda vuli hii Bibi atakaa dirishani kwetu anatazama barabara, na kosa hilo litakuwa na jina langu. Yote mawili niliyaona wazi. Nikaona pia wao watakavyosimulia: msichana mkaidi aliyeharibu ukumbi, mwanamfalme mwema aliyemsamehe. Bustani haitakuwamo katika hadithi hiyo. Wataifuta kama walivyoifuta kwenye mfano wao wa kioo.

"Kawaambie," nilisema, "kwamba nilikuwa na akili zangu timamu. Waambie nilijua nina chuma miguuni. Nilijua sakafu ni ya zamani na nilijua itachubuka. Na uwaambie sifanyi hivi kwa ajili ya bibi yangu, kwa sababu hakunituma. Nafanya kwa ajili yangu mimi."

"Unafanya nini?" Ekkehard aliuliza. Sauti yake ilikuwa imechoka. "Hufanyi chochote, mtoto. Umesimama tu."

"Siombi radhi," nilisema.

"Rieke..."

"Siombi radhi."